Stendi ya Tangi la Samaki Inalowa: Tafuta Maji Yanakotoka Kabla ya Kushika Brashi

Wengi wanaonijia na stendi iliyoharibika huwa wameshaipaka vanishi mara tatu. Mtu anaona doa, anapaka. Doa linarudi, anapaka tena, safari hii koti nene zaidi. Mimi natengeneza stendi za matangi hapa Mwanga, Kigoma, na nyumbani nafuga samaki wa ziwa letu, kwa hiyo tatizo hili nalijua kwa upande wa fundi na kwa upande wa mfugaji. Ninachotaka kila mwenye stendi ya mbao ajue ni hiki: maji hayapenyi katikati ya ubao uliopakwa vizuri. Yanapenya pale brashi isipofika, yaani kwenye vichwa vya mbao, matundu ya skrubu, chini ya miguu, na chini ya tangi lenyewe. Ukipaka koti la nne juu ya maji yaliyokwisha kuingia, unayafungia ndani, na ubao unaoza huku uso wake unang'aa.

Kwanza hakikisha stendi bado inaweza kubeba

Tangi la sentimita 120 kwa 50 kwa 50 likijaa lina lita 300, yaani kilo 300 za maji. Kioo cha milimita 10 kinaongeza karibu kilo 58. Sisi tunaofuga samaki wa Tanganyika tunapanga mawe mengi, maana wengi wa samaki wetu wanaishi na kutagia kwenye mawe, basi kufikia kilo 400 si ajabu. Uzito huo ukiwa sebuleni, na watoto wanapita, habari ya doa inasubiri.

Chukua bisibisi bapa, sukuma ncha yake kwenye maungio ya miguu na kwenye mbao za juu zinazobeba tangi. Ubao mzima unakataa. Uliooza unapokea ncha kama muhogo uliochemka. Jaribu pia kukaza skrubu mbili tatu: ikizunguka bila kukaza, nyuzi zinazoishika zimeshakufa. Weka pia pimamaji, kile kifaa cha fundi cha kupimia usawa, juu ya ukingo wa tangi, kwa urefu na kwa upana, ulinganishe na siku ulipoliweka.

Ukikuta ubao laini sehemu inayobeba, usiendelee na mambo ya rangi. Hamishia samaki kwenye ndoo na mabeseni pamoja na maji yao wenyewe na pampu ya hewa, toa maji tangini, kisha badilisha kipande kilichooza. Puti haibebi tangi.

Dalili: asubuhi kuna maji juu ya stendi, na kioo unaona kizima

Hapa ndipo watu wanapoteza fedha nyingi, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Mwalimu mmoja mstaafu aliniita, akaniambia, "Fundi, vanishi uliyonipakia si nzuri, rafu ya chini inalowa." Nikamwamkia, nikainama kuangalia. Rafu ya chini ilikuwa imelowa kweli, lakini ile ya juu, iliyo chini kabisa ya tangi, ilikuwa kavu. Nikamuuliza, "Mwalimu, jana usiku umeme ulikatika?" Ulikuwa umekatika kwa saa tatu. Pampu ya hewa ilikuwa imekaa kwenye rafu ya chini, na mpira wake ulikuwa umedondosha matone mpaka kwenye soketi.

Pampu ya hewa ikiwa chini ya usawa wa maji, kinachozuia maji yasirudi ni ule msukumo wa hewa tu. Umeme ukikatika msukumo unakwisha, maji yanaingia kwenye mpira, na yakipata kuvuka ukingo wa tangi yanaanza kushuka yenyewe bila kusukumwa, kama unavyonyonya mafuta kwenye pipa kwa mpira. Umeme ukirudi, pampu inasukuma tena, mpira unakauka, na asubuhi unakuta maji yasiyo na mwenyewe. Dawa ni kupandisha pampu juu ya usawa wa maji, ama kufunga valvu ya njia moja kwenye mpira. Kabla ya kuifunga, ipulize kwa mdomo: upande mmoja hewa ipite, upande wa pili ikatae. Upande unaopitisha ndio uelekee tangini. Mwalimu hakuhitaji koti jingine hata moja.

Jambo la umeme halina mjadala. Kila waya unaotoka tangini uning'inie chini kuliko soketi kisha upande, ili tone linalofuata waya lidondokee sakafuni badala ya kuingia kwenye umeme. Ekstensheni usiilaze kwenye sakafu ya kabati, itundike juu ukutani.

Kama umeme haukukatika, fanya jaribio la chaki. Futa kila kitu mpaka kikauke, saga chaki ya shule, nyunyiza unga wake mwembamba kuzunguka kitako chote cha tangi. Rudi baada ya saa chache. Mahali unga ulipolowa kwanza ndipo pa kuanzia. Ukilowa kwenye pembe, chini ya silikoni (ile gundi ya mpira inayounganisha vioo), tangi linavuja, na hapo hakuna cha kufanya kwenye stendi mpaka tangi litolewe maji, silikoni ya zamani ikwanguliwe yote, na ipakwe mpya. Silikoni mpya haishiki vizuri juu ya ya zamani, hata ukiipaka nene vipi. Ukiona michirizi inatoka juu inashuka kwenye kioo, basi ni matone. Mapovu ya hewa yakipasuka juu ya maji yanarusha vitone vidogo, vinatua kwenye ukingo, vinakusanyika na kushuka taratibu. Kifuniko cha kioo kinachoingia ndani ya ukingo kinamaliza jambo hilo.

Unaweza pia kutaka kujua kama tangi linapoteza maji au yanakauka tu. Weka beseni la maji karibu na tangi, tia alama kwa penseli usawa wa maji kwa kote kuwili, uache siku mbili bila kuongeza kitu. Tangi lenye mapovu litashuka zaidi ya beseni kidogo. Lakini beseni likishuka milimita 2 na tangi milimita 10, kuna njia ya maji. Tofauti hiyo ya milimita 8 kwenye tangi la vipimo nilivyotaja ni karibu lita 5, na nyingi ya hizo zimekwenda kwenye mbao zako.

Kitu kingine cha kuangalia ni kile ulichotandika kati ya tangi na stendi. Kwa miaka miwili mimi mwenyewe nilikuwa natandika sponji ya godoro, nikiamini inalinda kioo. Sponji ile inakunywa kila tone linaloshuka na kulikumbatisha ubao usiku na mchana, na hakuna vanishi iliyotengenezwa kukaa chini ya kitambaa kibichi mwaka mzima. Tumia lile povu jeupe gumu linalokuja kwenye maboksi ya televisheni. Halinywi maji, na linasawazisha vijinundu vidogo vya ubao vinavyoweza kupasua kioo.

Dalili: weupe

Kuna weupe wa namna mbili, na dawa zake hazifanani. Maji ya Ziwa Tanganyika yana madini mengi, na pH yake hukaa karibu na 9. Tone likikauka linaacha chokaa. Dondoshea siki au maji ya limao juu ya weupe huo. Ukitoa vipovu vidogo, ni chokaa, na vanishi yako ni nzima. Futa kwa kitambaa chenye siki kidogo, kisha kwa maji safi, usiruhusu siki iingie tangini. Halafu fuatilia mstari wa chokaa unaanzia wapi, maana ni ramani ya njia ya maji. Mimi huipenda sana alama hii kuliko zote, kwa sababu inabaki hata maji yakishakauka.

Weupe usiotoa vipovu, unaoonekana kuwa ndani ya vanishi kama ukungu, ni unyevu. Kama ulitokea siku ile ile ya kupaka, ulipaka kwenye hewa yenye maji mengi: tina, ile dawa ya kuyeyushia vanishi, inaporuka haraka inaupoza uso wa ubao, na unyevu wa hewani unatua juu ya vanishi mbichi. Kigoma hilo hutokea sana kati ya Novemba na Aprili, hasa kwa anayepaka jioni baada ya mvua. Subiri siku ya jua, piga msasa laini namba 320, paka koti jembamba saa za mchana. Kama weupe ulikuja miezi baadaye, maji yameingia kwa nyuma, na maelezo yake yako hapa chini.

Dalili: rangi inatoa mapovu au inabanduka

Chukua wembe, pasua povu moja, uangalie chini yake.

Ukikuta ubao mtupu wenye unyevu, maji yametokea upande wa pili wa ubao. Karibu kila mara upande huo haukupakwa: chini ya ubao wa juu, mgongoni mwa kabati kunakotazama ukuta, ndani ya fremu. Fundi anapaka kinachoonekana. Ubao uliopakwa upande mmoja unanyonya kwa upande wa pili, halafu jua au joto la chumba likiusukuma unyevu, unatoka kwa kusukuma rangi.

Ukikuta rangi ya zamani, kavu na laini kama kioo, koti la juu halikupata pa kushika. Hakuna aliyepiga msasa katikati ya makoti. Ng'oa, piga namba 180 kisha 240, futa vumbi, upake upya.

Na ukiona vitundu vya duara, kama rangi imekimbia mahali fulani na kukataa kukaa, hapo paligusana na silikoni au mafuta. Silikoni hata ukiifuta inaacha utando ambao rangi haishiki. Ndiyo maana silikoni huja mwisho kabisa, rangi ikishakauka. Tena silikoni ile inayonuka siki ikiwa mbichi hula chuma, kwa hiyo usiijaze juu ya skrubu tupu za chuma. Ile yenye dawa ya kuzuia ukungu ibaki nje, isiguse maji ya samaki.

Dalili: miguu imekuwa myeusi na kuvimba chini

Hii ndiyo dalili ninayoiona kuliko zote, na inaanzia siku ya kwanza kabisa kazini.

Ubao ni kama fungu la mirija myembamba iliyolala kwa urefu. Maji yakitua ubavuni mwa mirija yanaingia kwa shida. Yakigusa pale msumeno ulipoikata, yanapanda ndani kama chai kwenye mkate. Mguu wa stendi umesimama juu ya kichwa chake kilichokatwa, juu ya sakafu ya saruji, na saruji hiyo inadekiwa kila asubuhi. Vanishi imepakwa pande zote nne za mguu mpaka chini, lakini hakuna aliyeigeuza stendi miguu juu. Kila dekio linaunywesha mguu.

Watu huniambia, "Mbona mitumbwi ya Kibirizi iko majini miaka na haiozi?" Ni swali zuri. Fundi wa mtumbwi anakalafati maungio, yaani anaziba nyufa zake, halafu mbao zikiingia majini zinavimba na kubanana, maji yenyewe yanaufunga mtumbwi. Chombo kinabaki kimelowa. Stendi yako inalowa asubuhi na kukauka mchana, inavimba na kusinyaa, na kila mara ungio linafunguka kidogo zaidi. Kuvu wa kuozesha anapenda hali hiyo hasa, ubao wenye unyevu unaozidi asilimia 20 hivi na hewa ya kutosha. Kwa hiyo ufundi wa mtumbwi usiuhamishie kwenye stendi. Mtumbwi unataka kuloweshwa, stendi inataka kubaki kavu.

Kama weusi haujapanda na bisibisi haizami, mguu unaokolewa. Toa tangi, pindua stendi, iache kwenye hewa kavu angalau wiki mbili. Kiangazi cha Juni hadi Septemba ni wakati mzuri kuliko wowote. Usiikaushe juani moja kwa moja, itapasuka. Kata sehemu nyeusi iliyolainika, ukate miguu yote sawa. Kisha changanya vanishi ya poliuretani na tina nusu kwa nusu, paka kwenye kichwa cha mguu. Itanywewa yote. Paka tena, na tena, bila kusubiri ikauke sana, mpaka kichwa kikatae na kubaki kinang'aa. Huwa kinakunywa mara nne au tano. Ndipo unamalizia kwa makoti mawili ya vanishi isiyochanganywa. Mwenye uwezo wa kupata epoksi ya kuchanganya na hadina, dawa yake ya kuigandisha, aitumie hapa kabla ya mahali pengine popote. Kikombe kimoja kinatosha miguu yote.

Mwisho inua miguu kutoka sakafuni kwa vipande vya plastiki ngumu au vya tairi, unene mmoja kwa miguu yote. Kandambili zisitumike, zinabonyea kwa kutofautiana na stendi inaegemea.

Vivyo hivyo kwa kila tundu ulilotoboa la mpira au waya. Tundu ni kichwa cha ubao kilichojificha. Lipake ndani kwa kijiti chenye kitambaa.

Dalili: plaiwudi imevimba ukingoni au tabaka zinaachana

Ubao wa vumbi la mbao lililogandishwa, na ule unaoitwa MDF, ukishavimba haurudi. Usiusubiri, usiukaushe, utoe. Plaiwudi ya kawaida iliyoachana ukingoni kidogo unaweza kuipaka gundi isiyoyeyuka kwa maji, ukaibana kwa klampu usiku mzima, lakini iwe mlango au rafu, si ubao wa kubebea tangi. Gundi nyeupe ya kawaida inalainika ikilowa, hata stendi iliyoungwa vizuri inaachia.

Wengi wananunua marini bodi, ile ya kahawia yenye uso unaoteleza inayotumika kwenye kazi za zege, wakidhani wamemaliza. Uso wake kweli unakataa maji. Ukingo ulioukata wewe hauna ule utando, unakunywa kama plaiwudi nyingine. Paka kingo zote siku ile ile unayokata.

Dalili: michirizi myeusi kuzunguka skrubu

Mbao ngumu nyingi zina tanini, kemikali ya asili ya mti, na tanini ikikutana na chuma na maji hutoa weusi kama wino. Paka limao: weusi wa chuma unafifia, wa ukungu unabaki vile vile. Kama ni chuma, toa skrubu, weka isiyoshika kutu, chovya ncha yake kwenye vanishi kabla ya kukaza. Kama ni ukungu, kabati lako halipumui. Hutokea zaidi kwa wenye tangi la kuchujia maji ndani ya stendi: maji ya uvuguvugu, mlango umefungwa, mvuke unatua kwenye dari ya kabati. Lifunike tangi hilo na utoboe mgongo wa kabati matundu makubwa mawili, moja chini na jingine juu, hewa izunguke.

Kwa ubao mzima wa kuanzia, mninga wa kwetu ni bora sana, kwa sababu hausinyai wala kuvimba sana na unastahimili kuoza. Lakini sifa hiyo ni ya sehemu ya ndani yenye rangi. Ule weupe wa pembeni unaliwa na wadudu na kuoza kama mbao laini. Muuzaji akikupa mguu wenye nusu nyeupe, rudisha.

Dalili: vanishi haikauki, inanata

Ama ulipaka nene, ama ulichanganya na mafuta ya taa, ama ubao ulikuwa na mafuta. Msaji una mafuta yake ya asili, ufutwe kwa tina kabla ya kupaka. Na huku kwetu kuna la ziada. Nimekuta stendi tatu zilizopakwa mawese ili "zikatae maji". Mawese hayakauki. Mafuta ya kitani yakikutana na hewa hugeuka ngozi ngumu, mawese yanabaki mafuta, yanashika vumbi, yanachacha na kuita mende, na vanishi yoyote ya baadaye inakaa juu yake bila kushika. Osha kwa tina na vitambaa vingi mpaka kitambaa kitoke safi, piga msasa, uoshe tena. Oili chafu ya gari ni hivyo hivyo, tena isikaribie nyumba yenye samaki.

Mlango unaobana wakati wa mvua na kulegea kiangazi hauna ugonjwa. Ubao unapanuka kwa upana. Usiupige randa Machi, Agosti utakuwa na pengo la kuingiza kidole.

Unapopaka upya na samaki wako nyumbani

Pampu ya hewa inavuta hewa ya chumbani na kuipeleka majini. Ukipaka vanishi chumba hicho hicho, moshi wa tina unaingia tangini kwa kila povu. Stendi ipakiwe nje, barazani. Ikishindikana, samaki wahamie chumba kingine na pampu yao. Mimi huiacha stendi wiki mbili baada ya koti la mwisho, na kabla ya kuirudisha naingiza kichwa ndani ya kabati na kunusa. Ikinuka, bado.

Halafu mwaga kikombe cha maji ya ziwa juu ya ubao wa juu, kingine kwenye sakafu ya kabati, na ulaze kitambaa kilicholowa kwenye kila kichwa cha mguu stendi ikiwa imepinduliwa. Acha usiku kucha. Asubuhi futa, pitisha kiganja. Ukihisi vijinyuzi vimesimama au ukiona rangi imekolea mahali, hapo ndipo brashi haikufika. Papake, urudie kikombe.